Mtoto Mwepesi Kuliko Kuku

Nilipokuwa mtoto kule Kiirua, nilikatazwa kushika kisu. Dada zangu walimenya viazi, mimi nilipewa maharagwe nichambue. Kisa? Nilizaliwa mwepesi kuliko kuku. Tata Karimi, dada wa baba, alimletea mama kuku wa supu alipojifungua, akatuinua kama walivyofanya wanawake wa kwetu: kuku mkono huu, mimi mkono ule. Waliamini mtoto aliyeshindwa na kuku akili yake haijajaa, na ukubwani atarukwa nayo.

Basi nikilia, Tata husema, "Mnaona? Imeanza." Nikicheka sana, imeanza. Nikinyamaza, ndiyo kabisa. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote, nikaapa ataniona.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, binti yake Kendi alijifungua kabla ya siku zake, akaja kwao na kitoto kidogo cha kiume. Wanawake walijaa uani na vibuyu vya uji. Mizani ya viazi ilining'inia pale ghalani. Kendi alipoingia kuoga, nilikifunga kitoto ndani ya shuka lake, nikakitundika kwenye ndoano. Kisha nikamtundika kuku wa Tata.

"Tata, kuja usome! Kuku ameshinda mjukuu wako! Na huyu pia tumfiche visu?"

Tata alimshusha mjukuu wake ndoanoni mbele ya wanawake wote. Nilichapwa hadi jioni, lakini aibu yake ilikuwa tamu kuliko asali.

Ukubwani nilishikwa na huzuni isiyo na sababu, wiki nzima sitoki kitandani. Muuguzi mmoja mjini Meru aliniuliza nilizaliwa na kilo ngapi. Hata yeye! Nilitaka kumrukia.

"Wengine waliozaliwa wadogo husumbuka mawazo baadaye," akasema. "Wengi wako sawa tu. Na wewe, ulilelewa aje?"

Nikamweleza habari za kisu. Akaweka kalamu chini.

Tata alikufa zamani na sijamsamehe. Lakini Krismasi iliyopita nilimtembelea Kendi. Mwanawe, mwanamume mwenye ndevu, alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Niliomba kisu nimenye viazi. Kendi akakitoa chini ya godoro lake.

"Ukimaliza nirudishie mimi," akaninong'oneza. "Si ni wewe ulimpima?"

Kumbe miaka hii yote nilidhani nilimpiga Tata, na pigo lilimwangukia huyu. Nilimenya kiazi kimoja, kisha kisu nikampa mwanawe, mama yake akiona.