Upande Unakotokea Upepo

Kabla hajaingia bandani kwa vifaranga wake, mama yule wa Magomeni husimama kwanza mlangoni, macho ameyafumba nusu, akisikiliza. Mlio wa chinichini, kama manyunyu juu ya majani, humtuliza. Ukiwa mkali huinama kutazama. Wakirundikana kwenye chungu cha mkaa, huongeza moto. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, huupunguza. Wakijibana wote upande mmoja, hujua kuna upepo unaopenya upande wa pili. Hapo huulowesha mgongo wa kiganja kwa mate, akautembeza ukutani taratibu mpaka baridi imguse, kisha hutundika gunia. “Mtu atakudanganya,” huwaambia majirani, “lakini kifaranga hajui kujikaza.”

Jioni moja ya kipupwe, bintiye Lightness alifika kutoka Dumila alikoolewa, begi mkononi. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Kwema huko?” “Kwema tu, nimekuja kukusalimia.” Akacheka, akasimulia habari za soko na za mumewe, zote nzuri. Lakini mkeka ulikuwa mpana, uani kweupe, naye alikuwa amejikunyata kwenye kona, magoti kifuani, bega limeng'ang'ania ukuta. Mama alimtazama kwa muda, macho ameyafumba nusu, kana kwamba bado yuko mlangoni kwa vifaranga. Alilisogeza jiko karibu na binti, kisha akaenda kuketi upande ule ulikokuwa unatokea upepo.