Viduara vya Siku za Kahawa

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa na uhakika kamili, na uhakika huo ulinichukua wiki tatu kuupata. Nilikuwa nimetengeneza tovuti ya kiwanda cha kahawa cha kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Kwenye kalenda yake niliweka kiduara cha kijani kwa kila siku ambayo kiwanda kingepokea kahawa, na kiduara chekundu kwa kila siku ambayo lango lingefungwa. Rangi tu. Sikuandika hata neno moja. Niliona maneno yangeichafua kazi.

Wiki hizo tatu sikuzitumia kuwafikiria wakulima. Nilizitumia kutafuta kijani. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaani Ruring'u, mjini Nyeri, na kazi hii nilikuwa nimejifunza peke yangu kwa video za bure, na mtu wa namna hiyo huishi akingoja siku ambayo mwenye shahada ataingia mlangoni na kuuliza swali moja tu. Kwa hiyo nilijihami. Nilijaribu kijani cha mashamba ya chai niliyoyaona Kangari, nikaona kinapiga kelele. Nilijaribu kijani cha majani ya kahawa yenyewe, nikaona kina huzuni. Nilishuka barabarani nikaiangalia simu juani, kisha kivulini, kisha chini ya mwavuli wa mama anayeuza ndizi, mpaka akaniuliza kama natafuta mtandao. Nikamwambia natafuta kijani. Akanionyesha ndizi.

Karani wa kiwanda ndiye aliyeniagiza kazi hiyo, maana alichoka kupigiwa simu na wakulima wakiuliza kama kesho kuna kazi. Nilipomwonyesha kalenda alikunja uso.

"Hii nyekundu ndiyo mbaya?"

"Ndiyo."

"Kijana, hapa kahawa nyekundu ndiyo imeiva. Kijani ndiyo tunarudishia mtu. Umesomea wapi hii kazi?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Inaonekana."

Nilimweleza kwa upole kwamba dunia nzima kijani ni pita na nyekundu ni simama, kama taa za barabarani. Akaniuliza taa hizo ziko wapi hapa kwetu. Hata hivyo aliikubali, na kamati nayo ikaikubali kwa moyo mkunjufu kuliko nilivyotarajia. Ilisimamisha tangazo la siku za kahawa lililokuwa likisomwa kanisani kila Jumapili, na karatasi iliyobandikwa langoni ikatolewa. "Sasa tuko dijitali," mwenyekiti alisema. Nilitembea na fahari hiyo wiki nzima.

Mtu asiyelima kahawa huenda asione ubaya wa kukosa siku. Kahawa ikichumwa lazima ifike kiwandani na kumenywa maganda siku hiyo hiyo. Ikilala guniani inapata joto na kuanza kuchacha. Baada ya hapo unaianika na maganda yake na kuiuza kama mbuni, kahawa ya daraja la chini ambayo mkulima huitaja kwa sauti ndogo.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ni mwalimu mstaafu mwenye shamba karibu na kiwanda hicho. Alijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kutowahi kuchagua kahawa. Kiwandani kila mkulima humwaga kahawa yake chini kabla ya kupima, kisha huinama na kuondoa punje za kijani. Yeye husimama wima, mikono nyuma, huku mke wake akiinama. Wanawake walisema anajiona DC, mkuu wa wilaya. Mimi pia niliamini hivyo.

Msimu huo, kahawa ikiwa imeiva kwa wingi, mke wake alikwenda Naro Moru kumwangalia binti yao aliyejifungua. Mjomba akabaki na miti yake, vibarua wanne, na kalenda yangu.

Nilikuwa kiwandani siku moja kupiga picha za tovuti alipofika na magunia matatu kwenye pikapu ya jirani. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani, mashine ya kumenya ilikuwa imefunguliwa yote na fundi alikuwa amelala chini yake.

"Mwalimu, leo hakuna kazi," karani alisema. "Si uliona kwa simu?"

"Niliona."

"Sasa uliona nini?"

"Niliona iko wazi."

Fundi akachomoa kichwa chini ya mashine. "Ati mwalimu! Miaka yote alikuwa anachapa watoto wa wenyewe sababu ya kusoma, leo kalenda imemshinda!"

Watu wawili waliokuwa wakigeuza kahawa kwenye meza za kukaushia walicheka hadi wakaacha kazi. Hapo ningeweza kunyamaza, lakini tovuti ilikuwa yangu. Nilitoa simu na kumsogezea usoni mbele yao wote.

"Angalia hapa, Mjomba. Siku ya leo hii. Ni nyekundu. Haiwezi kuwa nyekundu zaidi ya hivyo."

Aliiangalia simu, kisha akaniangalia mimi.

"Nimeona," alisema. "Nilikosea siku."

Fundi alisema mashine itakuwa tayari kesho jioni. Kiwanda cha jirani hakipokei kahawa ya mtu asiye mwanachama wake. Tukarudi na magunia yote matatu nyumbani, tukatandika turubai uani, tukaimwaga. Mjomba aliniambia tutoe punje za kijani kwanza, maana hata mbuni ina heshima yake. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchagua pamoja nami. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Alikuwa akiokota punje moja, akiibonyeza kwa vidole viwili, akiigeuza, akiibonyeza tena, halafu akiiweka. Nilikuwa nimemaliza kilima changu naye hajafika robo ya chake. Nikatazama rundo lake la punje zilizoiva, nikaona kijani kimejaa humo.

"Mjomba, hii ni mbichi."

"Ni mbichi?"

Aliokota nyingine. "Na hii?"

Ilikuwa nyekundu kama damu. Hapo nikaelewa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu shule ya msingi. Tulikuwa tunapaka ramani rangi. Nilipaka msitu wa Mlima Kenya wote nyekundu. Mwalimu alidhani ni utundu, akanichapa viboko. Kuanzia hapo nikajifunza kusimama mikono nyuma."

"Na kwenye kalenda yangu unaona nini?"

"Viduara. Vizuri sana, vimepangwa safi. Vyote rangi ya udongo." Akabonyeza punje nyingine. "Nilidhani kiwanda siku hizi kinafanya kazi kila siku. Nikafurahi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale pale langoni kwamba kosa ni la tovuti. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Nikiwaambia hivyo, wataniuliza pia miaka yote ile ya kusahihisha vitabu kwa kalamu nyekundu nilikuwa naona nini. Mama watoto ndiye anayejua. Na sasa wewe. Wacha wacheke mambo ya kalenda. Hii nyingine usimwambie mtu."

Nikaahidi. Lakini wiki hiyo hiyo angechuma tena, na mke wake hakuwa amerudi.

Ruring'u nilipata programu ya bure inayoonyesha ukurasa jinsi unavyoonekana kwa macho kama ya mjomba. Niliingiza kalenda yangu. Kijani changu cha wiki tatu kilisimama kando ya nyekundu, na vyote viwili vilikuwa kahawia, kama pacha waliovalishwa sare. Nilikaa nikivitazama. Kisha nikafanya kile ninachofanya nikiogopa: nikaongeza kazi. Niliweka buluu na rangi ya chungwa, maana hizo mbili mjomba angeweza kuzitofautisha. Nikaongeza mistari ndani ya viduara vya siku za kufungwa. Nikaongeza pembetatu. Nikaandika maelezo marefu chini ya ukurasa na sehemu ya mtu kujichagulia rangi anazozitaka, aina tisa. Nikamtumia mjomba. Akanipigia simu papo hapo.

"Hii mistari ni ya nini?"

"Mistari maana yake imefungwa, Mjomba. Pembetatu ni nusu siku. Duara tupu ni wazi. Maelezo yako chini."

"Niko shambani na ndoo mkononi. Kwa nini usiandike tu 'imefungwa'?"

Nilikuwa na majibu. Nafasi kwenye skrini ndogo, usafi wa mpangilio, mambo niliyoyasikia kwenye video. Hakuna hata moja lililoweza kusemwa kwa sauti kwa mtu ambaye kahawa yake ilikuwa inakauka na maganda. Nikaifuta mistari na pembetatu zote, nikaandika maneno.

Kalenda ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo mabadiliko yalihitaji kibali cha kamati. Nilienda kikaoni siku mbili baadaye. Mwenyekiti alishangaa. Tovuti haina shida, alisema, watu wanaipenda.

"Kuna mtu amelalamika?"

Karani alinitazama. "Ni mambo ya mwalimu, si ndiyo? Yule wa kukosa siku ni mjomba wako."

Chumba kizima kikanigeukia. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeyapanga ili nisije kusema sentensi niliyokuwa karibu kuisema.

"Hapana. Kosa ni langu. Nilitumia rangi peke yake. Kuna watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na huwezi kuwajua kwa kuwaangalia. Nilipaswa kujua hilo kabla ya kuwapa hii kalenda. Sikujua."

Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza, "Hata nyekundu ya kahawa?"

"Hata ya kahawa, mzee."

Hakuuliza tena. Lakini ukurasa mpya ulipopitishwa kwenye simu ya mwenyekiti, yeye ndiye aliyeutazama muda mrefu kuliko wote.

"Kwa hivyo ulikosea," karani alisema, kalamu tayari.

"Nilikosea."

Akaandika kwenye kumbukumbu za kikao, polepole, kwa wino, kwamba mtengenezaji wa tovuti alikiri kosa lake. Nilimwona akipiga mstari chini ya maneno hayo. Usiku huo sikulala vizuri, na ningependa kusema ni kwa sababu ya mbuni ya mjomba. Ilikuwa kwa sababu ya ule mstari. Jina la mjomba halikuandikwa popote.

Siku hizi kalenda ya kiwanda inasema WAZI au IMEFUNGWA kwa herufi kubwa, na rangi inakuja baada ya neno. Kila ukurasa ninaotengeneza naugeuza kwanza kuwa wa kijivu, na usiposomeka hivyo sianzi kuchagua rangi. Mjomba hajakosa siku tena, na mimi nikikosea kisha nikaulizwa, husema nimekosea.