Suala Linashughulikiwa

Kila asubuhi, kwenye foleni ya maji hapa mtaani Mowlem, yule afisa wa mambo ya balozi zetu za ng'ambo hushuka ngazi akiwa amechomekea shati, na huwasalimu watu mmoja mmoja. "Umeamkaje, Mama Mutheu?" Sauti yake haina mfupa. Begani ananing'iniza mkoba wa semina ulioandikwa MAGEUZI YA DIPLOMASIA. Simu yake ikilia huitazama, kisha huilaza kifudifudi kiganjani, polepole, kama anayefunika mtoto asiamke. Mama Mutheu ameona mikoba ikibadilika tangu bintiye akwame Arabuni, pasipoti kaishika mwajiri, na simu ya ubalozi ikiita hadi ikatike. Kila akiuliza, jibu ni lile lile: "Suala linashughulikiwa, mama. Tunabadilisha mfumo mzima." Mfumo! Mtoto analala sakafuni jikoni kwa watu, na wao wanashona mikoba!

Jana binti mwenyewe alipiga, akinong'ona, mama yake akiwa bado kwenye foleni na afisa akisalimu watu. Mama Mutheu hakungoja. Alimbandika afisa simu sikioni. "Haya, mwambie yeye huo mfumo." Afisa alikohoa, akarekebisha tai. "Suala lako linashughulikiwa, dada," akasema, mpole vile vile. Kisha akatoa kalamu. "Kwani unaitwa nani?"

Mama Mutheu alimpokonya simu.

"Na mimi," akafoka, "kila asubuhi huwa unaniita mama nani?"