Samedi ya Papa Paluku

Mwanangu, kuna siku moja inanirudia kila magoti ikiniuma. Ningali kijana, mimi na baba tulisukuma chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubeba mizigo, imejaa viazi, kutoka Kipese, tunaenda soko ya Butembo. Kwenye kilima baba akasimama, akakaa kwenye majani. Nikamwambia, "Papa, soko itaisha." Akanijibu, "Na mimi nikiisha, soko itanifaa nini?" Tulifika wakati bauzaji bamekwisha kufunga. Akacheka tu. Baba alikuwa mutu wa kucheka, hata meno ilipokwisha. Donc, ile chukudu ikavunjika, nikatafuta kazi ingine, ndivyo nilifika Kalunguta, kwenye kiwanda ya kuosha kahawa.

Pale nilikuwa kapita, mukubwa wa kikosi. Patron yetu hakuwa mubaya, nisimusemee bure. Aliona maji ya kahawa inachafua muto, samaki inakufa. Akaamuru: kila samedi salongo, kazi ya pamoja bila malipo, batumishi bote, kuchimba mashimo ya maji chafu na kupanda miti kando ya muto. Kazi nzuri! Muto ulipona, hata mimi nilinawa uso pale. Mais samedi ndiyo ilikuwa siku ya batu kulima mashamba yao. Siku zingine ni za patron, dimanche ni ya Mungu. Na wakati ule bengi balilala porini kwa kuogopa bunduki, asubuhi banafika kazini macho mekundu. Muzigo wa mwenzako huuona mwepesi kama pamba, bazee balisema.

Niitoe nasaha sasa, maana nachoka haraka. Siku utapata batumishi, na unapenda dunia, vizuri, ipende. Lakini panda miti yako katika siku ya kazi, siyo katika mapumziko ya mutu. Mutu naye ni udongo: ukimulima kila musimu bila kumuacha alale, hatazaa kitu. Muulize: umelala? Umekula? Mungu akupe mikono yenye huruma, na batu ba kukusalimia kwa furaha hata ukizeeka. Amina.

Sasa nikuambie nasaha hii ilitoka wapi: kwa Papa Paluku, muoshaji mumoja wa kahawa pale kiwandani. Samedi moja mvua ya kupanda ilikuwa imefika.

"Patron, leo uniache. Maharagi yangu isipoingia udongoni leo, batoto hawatakula musimu huu."

"Eh, Papa Paluku, weye hupendi miti?"

"Naipenda. Mais bibi yangu hajui kuipika."

Tulicheka bote, patron pia. Kisha akakaza uso. "Salongo ni ya bote. Ukitoka leo, lundi usirudi."

Nikamuombea: "Patron, muache aende, nitachimba shimo yake."

"Hapana, kapita. Nikiacha mumoja, kesho bote."

Paluku alimaliza kupanda muche uliokuwa mukononi, akashindilia udongo polepole kwa kisigino, akalaza jembe chini, akavaa koti.

"Mubaki na amani," alisema.

Akashika njia ya shamba yake, mvua ikimupiga mugongoni, na kiwandani hakurudi tena.