Boksi la Baiskeli

Leo nilipokuwa nikifunga nguo za marehemu baba ziende bara kwa kaka yangu, mtoto wa mke mkubwa wa baba, harufu ya gundi ya selotepu ilinirudisha kwenye sakafu ya nyumba yetu Ukunda. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi. Ndani mlikuwa na baiskeli aliyopewa na mgeni wa hoteli alikofanya kazi, nayo ilikuwa ikienda kwa kaka huyo huyo.

Watu wa basi walikuwa wamemtajia kipimo, na boksi likizidi hawalipokei. Niliomba kimoyomoyo lizidi, baiskeli ibaki kwangu.

"Shika hapa, mama," akaniambia, nikashika ncha ya utepe wa fundi cherehani.

Pembeni boksi lilitosha. Kisha baba akapapasa katikati, penye tumbo.

"Wale hupima palipovimba," akasema.

Lilizidi vidole viwili. Lakini baba alikata selotepu yote, akafungua pedeli, akalifunga upya na kulipima tena taratibu, kama anayemshonea mtu nguo ya harusi. Likatosha.

Sare zangu za shule alizinunua kwa kukisia, sketi zikinifika vifundoni.

"Baba, nipime na mimi."

Akacheka. "Nikupime ya nini, na wewe nakuona kila siku?"

Akaviringisha utepe. Nikalitazama lile boksi, nikatamani ningekuwa mimi ninayepelekwa.