Mkaguzi wa Choo katika Posa ya Kaka

Wiki ya sita baada ya madaktari kuurudisha utumbo wangu ndani na kuniondolea ule mfuko wa kinyesi ulioning'inia tumboni miezi saba, kaka yangu alienda kuposa binti wa kijiji cha Kanama, na alinitaka niketi mstari wa mbele. Daktari alikuwa amenieleza kwamba utumbo uliopumzika hujifunza kazi upya. Wangu ulikuwa unajifunza mara kumi na mbili kwa siku, bila ratiba.

Nilijiandaa kama mtu mwenye shahada. Nilikula wali mkavu na ndizi mbivu siku mbili, nikameza dawa ya kuzuia kuhara, nikajipaka mafuta ya watoto pale panapowaka moto, nikafika mapema kuhesabu hatua kutoka kitini hadi chooni. Arobaini na moja. Sikulihesabu fundo la mshanana, lile shuka la sherehe tunalofunga begani. Shangazi alilikaza utadhani anafunga gunia la viazi.

Posa kwetu ni mabishano. Msemaji wa upande wa binti anakataa, wetu anabembeleza, na hakuna wa kwetu anayeinuka mpaka binti atolewe ndani, ishara kwamba wamekubali. Ukiinuka, umeikataa posa. Nilijua hilo, na nililifikiria kwa dakika arobaini mfululizo, mpaka tumbo likaguruma na sikuweza tena kufikiria chochote. Nikainuka.

Msemaji wao, mzee wa Goma ambaye hakujua lolote kuhusu utumbo wangu, alivuta kipaza sauti.

"Bon. Huyu kijana anaenda wapi? Kama hamumutaki mutoto wetu, museme tu, tukule chakula yetu."

Nilikuwa hatua ya thelathini. Sikurudi. Chooni, nikipambana na fundo, spika ziliniletea kesi yangu neno kwa neno. Niliwaza kaka atakosa mke kwa sababu ya sentimita chache za utumbo wa mdogo wake. Kisha nikamsikia baba mdogo, msemaji wetu, akikohoa.

"Mzee wangu, sisi hatuoi mahali ambapo hatujaona choo. Huyo tumemtuma."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za babu."

"Donc arudi, atuambie ameona nini."

Nilirudi nimeshika shuka kwa mkono mmoja, wakanitia kipaza sauti kwenye mwingine. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema ukweli: maji yapo, karatasi ipo, mlango unafunga kwa ndani, na katika vyoo vyote nilivyoviona mwaka huu, ndani ya hiki ningeweza kukaa siku nzima.

Mama wa binti ndiye aliyeanza kucheka.

"Huyu mutu anajua choo," mzee akasema. Binti akatolewa.

Juzi baba mdogo alinipigia. Binamu yangu anaposa kule Cyanzarwe, nami niende nikakague choo. Nikamwambia siku hizi ni mara nne tu, naweza kukaa hadi mwisho.

"Jitahidi, mwanangu," akasema. "Wenyeji wa huko wameshakipaka choo rangi."