Mjukuu wa Rangi ya Mabati

Ulikuwa ule mwaka wa kula mbaazi. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, hatukuupika hata kwa wageni. Mbaazi asubuhi, mbaazi jioni, mpaka kuku wakazigeuzia mgongo. Hapa Kilungu ndivyo watu wanavyoukumbuka. Mimi naukumbuka kwa mtoto.

Mwanangu, anayefanya kazi Mombasa, alipata mtoto wa kike akampa jina langu. Kwetu mtoto wa jina lako ni wewe umerudi mdogo. Unampakata, unamtemea mate kidogo kifuani, ya baraka. Nikangoja. Zikaja picha kwa simu. Nikifungua, kila moja ni kipande cha kijivu.

Jirani yangu alichungulia. "Wee! Huyu mjukuu wako ana rangi ya mabati!"

Sikucheka. Nilifunga kitambaa changu kizuri nikashika njia ya Nunguni, kwa mama mmoja Mwislamu anayeuza simu. Akaigeuzageuza.

"Susu," akaniita kama nyanya yake, "simu yako si mbovu. Kampuni iliyotengeneza simu ya mwanao inahifadhi picha kwa aina yake yenyewe. Hii yako haiijui."

"Picha si picha?"

"Makampuni yanashindana. Kila moja inataka watu wote waingie kwake."

"Kama ng'ombe zizini."

"Na wewe umeachwa nje, susu." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kabati la kioo. "Chukua hii mpya, inafungua zote. Ama mwanao arekebishe yake, atume picha za kawaida. Ni kubonyeza tu."

Mwanangu alikubali kubonyeza. Picha zikaja tena, kijivu. Jioni nilikaa mlangoni na bakuli langu, nikitazama malori ya Mombasa yakipanda kule chini. Malori yanafika. Nikampigia.

"Mwaitu, nilisahau, kazi ni nyingi. Wacha nikununulie simu kama yangu, umwone kila siku."

"Na mate nitatemea kioo?"

Akacheka. Nikamwambia: "Simu sitaki. Nileteeni mtoto nimwone kwa macho haya."

Simu ikaletwa, boksi jeupe kama jeneza la kifaranga. Iko juu ya kabati, sijaifungua. Mtoto sasa anatembea, nasikia. Jana mwanangu alipiga kwa hii hii ya zamani.

"Mwaitu, umeiwasha?"

"Simu sitaki. Nileteeni mtoto nimwone kwa macho haya."